Sifuri Uliyoiandika Ijumaa

Kabula,

Usitafute baraka kwenye ukurasa huu wa kwanza, hazipo. Nimekaa kwenye jiwe la nyuma ya jiko, jua bado lipo, wewe umekwenda Butimba kumuaga bibi yako, na mimi nina hasira. Nina hasira na wewe. Nina hasira na Mzee Makoye na kikundi chake chote cha ufugaji samaki. Zaidi ya wote nina hasira na huyu anayeandika. Nilimwomba Mungu anipoze kwanza ndipo nishike kalamu. Hakunipoza. Basi nikaona niandike hivihivi.

Mambo ya chandarua, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo mama yako ameshayamaliza. Mimi nina jambo moja tu. Jana mama yako kaniambia kwamba ukifika Morogoro, kabla hujapata hata kitanda, utakwenda ofisini kuomba wakubadilishie kozi. Kwamba hutaki tena kusomea samaki wala kitu chochote chenye kalkulasi ndani yake. Kwamba ulimwambia, "Mama, hesabu yangu imeua samaki wa familia kumi na moja. Nikiisomea kabisa nitaua nini?"

Hapa soma polepole. Hesabu yako haikuua samaki. Niliwaua mimi.

Nitakueleza yote, na sitajipendelea, ingawa ulimi wangu unapenda.

Kwanza ujue kwamba mimi na hesabu ni maadui wa siku nyingi. Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza mwalimu kwa nini, kwa nini tu, akanichapa mbele ya wasichana, akasema mtoto wa mvuvi ahesabu macho ya nyavu inatosha. Nilimaliza la saba bila kuuliza tena. Kwa hiyo uliporudi nyumbani mwezi wa tano, umemaliza kidato cha sita, ukatoa kile kitabu chako cha fotokopi, kalkulasi ya wanaosoma baiolojia, hesabu ya vitu vinavyobadilika, nilikichukia kabla sijakifungua. Kila ukurasa bakteria wanaongezeka, dawa inapungua kwenye damu, sungura wanazaana. Nikajiambia, hawa wamekosa kazi, wanawahesabu sungura wakati wanazaana.

Halafu ukakileta ziwani. Hapo ndipo uliponikosea, au ndivyo nilivyoona.

Kila wiki mbili ulitoa sato thelathini kwenye kizimba cha kikundi, kile cha wavu majini, ukawapima kwenye beseni, ukawarudisha, ukachora. Unakumbuka ile siku ulinionyesha mchoro mbele ya watu pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa? "Baba, samaki bado wanaongezeka, ila kasi ya kuongezeka imeshuka."

"Kama wanaongezeka, wanaongezeka. Unataka wafanye nini tena, waimbe?"

Watu wakacheka. Wewe ukainua kiganja, ukakilaza kidogokidogo. "Mwezi wa sita walikuwa wanapanda hivi. Sasa wanapanda hivi. Mwinamo umelala. Lakini chakula tunawapa kilekile kama vile bado wanapanda. Hawakimalizi. Kinachobaki kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula hewa ya maji."

Mzee Makoye, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na hawezi kupitwa na mzaha, akasema, "Daktari, njoo unipime na mimi. Mwinamo wangu uko mgongoni."

Walicheka tena. Nilicheka kuliko wote, Kabula. Mzazi mwingine angeona fahari. Mimi niliona mtoto ananifundisha kazi iliyomlea, tena kwa herufi.

Kisha afisa uvuvi akakuazima kile kifaa cha kupima hewa ya maji. Ukaanza kupima alfajiri, kila baada ya saa. Ukaona saa ni mbali, ukapima kwa nusu saa. Kisha dakika kumi. Kisha dakika mbili, umeinama kwenye mtumbwi kama mtu anayetapika. Nikakuuliza unatafuta nini humo, ukasema unatafuta kasi ya wakati uleule, si ya saa nzima. Nikakupigia kelele watu wa vizimba vya jirani wasikie: "Unapima kitu ambacho hakijapata hata muda wa kutokea!"

Ulinijibu kwa upole. Ulisema, "Ndiyo maana hatufiki kwenye sifuri, baba. Tunaisogelea tu, tunaangalia jibu linatulia wapi." Lilikuwa jibu zuri. Sikulisikia kwa sababu nilikuwa nasikiliza kicheko changu.

Sasa ile wiki yenyewe. Zamu ya kulisha ilikuwa yangu. Jumatatu alfajiri ulipata tano nukta sita. Jumanne tano nukta tano. Jumatano tano nukta tatu. Alhamisi nne nukta tisa. Mchana wa Alhamisi afisa akaja kuchukua kifaa chake. Jioni ukaja jikoni na daftari lako, shikamoo baba, ukakaa kwenye kigoda.

Nilikuambia, "Nne na zaidi bado ni nyingi. Samaki wanapumua."

"Usiangalie iliyopo, baba. Angalia inavyoshuka. Imeshuka nukta moja, ikashuka mbili, ikashuka nne. Kasi yenyewe ina kasi."

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kama kadi ya kliniki."

Ukaruka kwa furaha. "Ndiyo, mama! Hiyohiyo!"

Mkaanza kucheka wawili. Mimi nikabaki kama mgeni ndani ya nyumba yangu, na nilijua hasa mama yako anachokicheka, ingawa wewe hukukijua. Acha nikuambie, maana mama yako hajawahi kukuambia ili anifichie aibu. Ulipokuwa na miezi minane ulikuwa mnene. Nilikubeba mabegani nikikuonyesha kwa watu. Nesi akamwambia mama yako: mtoto ana uzito mzuri, ila mstari wake kwenye kadi umelala miezi miwili, mpeleke hospitali kubwa. Mimi nikasema nesi amechoka na kazi, mtoto mnene hivi anaumwa nini? Nikakataza. Mama yako akasubiri nimekwenda ziwani, akakufunga mgongoni akaondoka. Ulilazwa wiki tatu. Daktari alisema mngekuja baadaye kidogo hali ingekuwa nyingine. Sikumshukuru mama yako. Nilimnunia kwa sababu aliondoka bila ruhusa.

Kwa hiyo Alhamisi ile jikoni, miaka kumi na tisa baadaye, ni mstari uleule umelala mbele yangu, na mimi ni yuleyule. Ila safari hii nilifanya ujanja. Nikakuambia, "Sawa. Nimekubali. Silishi mpaka Jumatatu."

Ulifurahi mpaka ukanishika mkono. Ukaandika kwenye daftari: Ijumaa, chakula, sifuri. Jumamosi, chakula, sifuri. Ukachora mstari wako unashuka kidogo, unapinda, unalala, unatulia kwenye nne. Ukasema watapona.

Ijumaa alfajiri nilifika kwenye kizimba na kuwakuta samaki juu kabisa ya maji, mamia, vinywa wazi. Wewe hujakulia kwenye mtumbwi kama mimi. Kwetu sisi samaki akija juu kinywa wazi ana njaa, hilo halihitaji shule. Nikasema, huyu mtoto atawaua kwa njaa. Kawaida ni ndoo moja. Nikamwaga mbili. Punje zikazama bila kuguswa, nikajiambia watazifuata chini. Jumamosi wakaja wengi zaidi, wanapiga midomo hewani. Nikamwaga mbili tena. Nikavua kofia nikamshukuru Mungu kwa samaki wenye hamu ya kula namna ile. Kabula, hawakuwa wanaomba chakula. Walikuwa wanaomba hewa, na mimi nikawaongezea kinachoila.

Nilipokuuliza Jumamosi jioni kama una wasiwasi, ulisema hapana, maana baba ameacha kulisha. Nikaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Nikala chakula changu.

Jumapili uliona mwenyewe. Kizimba cheupe, matumbo ya samaki yametazama juu. Watu wameteremka mwaloni na nguo za ibada. Mzee Makoye akaniuliza mbele ya wote, "Baba Kabula, zamu ilikuwa yako. Kimetokea nini?"

Nilikuona unateremka kati ya mawe, gauni lako la bluu. Nikajua nina sentensi moja ya kusema kabla hujafika. Nikasema, "Tulifuata vipimo vya mtoto. Alisema tusilishe. Samaki wamedhoofika, wamekufa."

Mke wa Makoye akakugeukia. "Ndicho kisomo hicho? Kuua samaki kwa njaa?"

Ukatazama chini. Nilitegemea utabisha. Nakuapia, nilikuwa nimeshajiandaa kukukaripia ukibisha. Ukasema, "Nisameheni."

Neno hilo ndilo lililonitia uchungu na wewe, na uchungu wenyewe haujatoka. Ulikuwa na daftari. Ulikuwa na siku nne za kuinama juu ya maji. Na bado, ulipowekwa kati ya vipimo vyako na mdomo wangu, ukaamini mdomo wangu. Ukaiambia akili yako, wewe ndiye uliyekosea, baba hawezi. Nani alikufundisha hivyo? Najua nani. Hata hivyo nina hasira. Na kama ulishuku, kama moyoni ulijua lakini ukaninyamazia kwa heshima, basi hasira yangu ni mara mbili. Heshima ya namna hiyo sikuiomba. Au niliiomba, na sasa siitaki.

Tangu siku hiyo wanakuita Daktari wa Maiti ukipita kisimani. Jumapili iliyopita waliwaita mbele vijana wanaokwenda vyuo ili wazee wawawekee mikono, wakaitwa wawili, wewe ukaachwa kwenye benchi na mama yako. Mimi, mzee wa kanisa, nilikuwa mbele pale na kitabu cha nyimbo mkononi. Ningeweza kusimama. Nilifungua wimbo.

Sasa nikuambie kitu cha kipuuzi kuliko vyote. Nimejifunza kalkulasi.

Usicheke. Ulilitupa daftari lako kwenye kapu la kuni, nikalitoa kabla halijawashiwa moto. Sikulitoa kwa upendo. Nililitoa ili nikukute na kosa. Nilitaka nipate mahali, hata padogo tu, ambapo mkono wako uliteleza, ili niseme: unaona, mtoto alikosea, samaki wangekufa tu hata ningefanyaje. Wiki tatu, kila alasiri, juu ya jiwe hili, na kile kitabu chako cha fotokopi pembeni. Mara ya kwanza sikuelewa hata mstari mmoja. Nikarudia. Ulikuwa umeandika pembeni kwa Kiswahili, kama vile unamwandikia mtu mjinga, na huyo mtu nilikuwa mimi. "Kasi ya kuongezeka inategemea kilichopo." Nikainua macho nikaona magugumaji kwenye ghuba. Yakiwa machache yanatambaa, yakiwa mengi yanakimbia, kwa sababu kila jani linazaa lake. Hivyo tu! Miaka yote hii nayaona yakifanya kalkulasi mbele yangu na mimi nayafyeka kwa panga.

Nikaelewa kwa nini ulipunguza hatua mpaka dakika mbili. Mtu akikuambia nimetembea vizuri safari nzima, hajakuambia alikuwa anafanya nini pale kwenye kona. Nikaelewa, na nikachukia kwamba naelewa, maana kila nilichoelewa kilikuwa kinakutetea wewe.

Kisha Jumanne hii nikalipata kosa. Nilikimbia, Kabula. Mzee mzima nimekimbia na daftari mpaka kwenye kichanja ambako mama yako alikuwa anaanika dagaa. "Nimemkamata! Tazama! Ijumaa chakula ameweka sifuri. Jumamosi sifuri. Ndiyo maana mstari wake umelala na samaki wamekufa. Ameweka sifuri mahali ambapo kulikuwa na—"

Nikalifunga daftari.

Mama yako akageuza dagaa wa upande mmoja wote, taratibu, mpaka mwisho wa kichanja. Ndipo akaniangalia. "Kulikuwa na nini, Baba Kabula?"

Nikaokota dagaa aliyeanguka, nikamrudisha kichanjani.

"Ulimwambia hulishi. Nilikuwepo. Ulilisha?"

"Mbili," nikasema. "Ndoo mbili. Siku mbili."

Hakupiga kelele. Alisema, "Na ulimwacha mtoto aombe msamaha." Akaendelea na dagaa wake.

Nikarudi kwenye jiwe, nikauchora mstari ule ambao wewe hukuuchora, wa samaki wanaolishwa. Hata sikuhesabu ndoo za nyongeza, nilifuata tu kasi uliyoiacha Alhamisi. Nukta moja, mbili, nne, kwa hiyo nane. Ijumaa nne nukta moja. Kisha moja nukta sita inaondoka, Jumamosi mbili nukta tano. Kisha tatu nukta mbili inatakiwa kuondoka, na haipo. Jumapili alfajiri maji hayana kitu. Mkono wangu wenyewe ndio ulioandika Jumapili.

Hukukosea popote. Nimetafuta kuliko mwalimu wako yeyote atakavyokutafuta.

Kwa hiyo leo mchana nimekwenda kwa Mzee Makoye. Alikuwa anaziba mtumbwi. Nimemwambia yote, nikamwonyesha na mstari. Hakuangalia mstari. Aliniuliza, "Umekuja leo kwa sababu mtoto anaondoka kesho?"

"Ndiyo."

"Asingekuwa anaondoka?"

Nikasema, "Sijui, mzee."

"Basi wewe ni mbaya kuliko nilivyodhani, na nilikuwa nimeshadhani." Akatema mate pembeni. "Haya, Jumapili nitawaambia watu."

Nikakataa. Tumebishana pale mpaka mke wake akatoka nje. Nimemwambia: nilimsingizia macho yake yakiona, siwezi kumsafisha akiwa ameshafika Morogoro. Mke wake akasema, "Mtoto wa watu nilimwita muuaji. Mimi nakuja." Mwishowe Makoye amekubali kuwaita wote kesho asubuhi mwaloni, kabla hatujakwenda stendi. Sijui watakuja wangapi. Wengine wamesema wakija wanakuja kunitoa kwenye kikundi. Wana haki.

Kuhusu kozi, sina nguvu ya kukuamuru tena. Kama unaichukia kalkulasi kwa sababu zake yenyewe, ibadilishe, mimi nami bado siipendi, inasema ukweli bila kuangalia sura ya mtu. Lakini usiiache kwa sababu ya uongo wangu. Hilo sitalivumilia, na nafikiri Mungu naye hatanivumilia mimi.

Umezoea kunisamehe haraka. Safari hii chelewa. Ukae na jambo hili uligeuze upande huu na ule, na siku utakayokuwa tayari, kama ipo, utaniambia. Nitasubiri, hata ikiwa ni mpaka umalize chuo.

Ila kesho asubuhi nina kazi na wewe. Najijua. Nikisimama mbele ya watu ulimi wangu, kama maji, unatafuta mahali pa chini pa kupita. Nitataka kusema ndoo mbili, nitajisikia nasema moja na nusu. Nitataka kusema nilimdanganya mtoto, nitajisikia nasema hatukuelewana. Ukinisikia naanza hivyo, usitazame chini. Nikatishe. Hapohapo, mbele yao, kwa sauti, hata Makoye akikuambia mtoto nyamaza baba yako anaongea.

Ni mimi baba yako, niliyelisha.